Florida State 2023: Kamati Ilihukumu Msimu au Ilitabiri Januari?

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, kamati ya watu 13 inayochagua washiriki wa mchujo wa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu ilitaja timu nne za kucheza nusu fainali za Januari: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State, iliyokuwa imeshuka uwanjani mara 13 na kushinda mara 13, na iliyotwaa ubingwa wa ligi yake, ACC, mojawapo ya ligi tano kubwa, usiku wa kuamkia siku hiyo, ilipangwa ya tano. Texas na Alabama zilikuwa zimepoteza mchezo mmoja kila moja. Tangu mchujo wa timu nne uanze mwaka 2014, hakuna bingwa wa mojawapo ya ligi tano kubwa aliyekuwa amemaliza bila kufungwa kisha akaachwa nje. Hawa walikuwa wa kwanza, na kwa kuwa mfumo huo ulikuwa katika msimu wake wa mwisho, watabaki kuwa wa pekee.

Sababu ilikuwa mguu. Tarehe 18 Novemba, katika mchezo dhidi ya North Alabama, kwotabeki Jordan Travis aliumia vibaya mguu wa kushoto na msimu wake ukaishia hapo. Kwa msomaji aliyelelewa na soka, kwotabeki ni zaidi ya namba 10, kwa sababu karibu kila shambulizi hupitia mikononi mwake, na ndiye anayeamua mpira utupwe, ukabidhiwe mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Travis alikuwa ametupa mipira ya jumla ya yadi 2,756 na kuzalisha tachidauni 20 (tachidauni ni kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani), huku mipira yake ikinaswa na wapinzani mara mbili tu. Katika kura za tuzo ya Heisman, ile kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo, alimaliza wa tano. Wiki moja baada ya kuumia kwake, kwotabeki wa akiba, Tate Rodemaker, aliiongoza timu kuifunga Florida 24-15 ugenini Gainesville, lakini akagongwa kichwani na kushindwa kucheza fainali ya ligi. Hivyo dhidi ya Louisville, mjini Charlotte, alianza kijana wa mwaka wa kwanza, Brock Glenn, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa wa tatu kwenye foleni. Walishinda 16-6. Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, alieleza kwamba bila Travis hii haikuwa tena timu ile iliyocheza majuma 11 ya mwanzo.

Tangu siku ile mjadala umekaa kana kwamba upande mmoja una hoja na mwingine una machozi tu. Kamati inaonekana kama daktari aliyetoa habari mbaya kwa uso mkavu, na watu wa Tallahassee, mji wa Florida State, kama ndugu wa mgonjwa wanaokataa kusikia. Nimeupitia tena msimu ule mchezo kwa mchezo, na naona kwamba hoja za hao wenye machozi hazikuwahi kusikilizwa zikaisha.

Hata hivyo, kamati nayo ina haki ya kusikilizwa, na kesi yake si ya kubeza. Mwaka ule daraja la juu lilikuwa na timu 133, na kila moja hucheza michezo 12 tu kabla ya fainali za ligi. Timu nyingi hazikutani kabisa, kwa hiyo jedwali la pointi kama lile la ligi ya soka haliwezekani, na lazima pawepo watu wa kukaa chumbani na kulinganisha. Mwongozo wao uliwaagiza watafute timu nne bora, na ulitaja waziwazi kwamba kukosekana kwa mchezaji muhimu ni jambo la kuangaliwa, si kwa yaliyopita pekee bali hata kwa namna kutakavyoathiri michezo iliyo mbele. Kipengele hicho hakikubuniwa usiku ule ili kuikomoa Florida State. Kilikuwapo, kimeandikwa, na kila chuo kilikijua.

Halafu kulikuwa na fundo la Alabama. Jumamosi ile ile Alabama iliifunga Georgia 27-24 katika fainali ya ligi ya SEC na kuvunja mfululizo wa ushindi wa michezo 29, na hakuna timu nyingine nchini iliyokuwa na ushindi wa uzito huo mwezi huo. Lakini mwezi Septemba Texas ilikuwa imekwenda nyumbani kwa Alabama, Tuscaloosa, na kushinda 34-24. Huwezi kumpa Alabama kiti ukamnyima aliyemfunga kwake. Ukimtaka Alabama, unambeba na Texas, na hapo viti vinne vimekwisha. Njia nyingine ilikuwa kuiacha Alabama, na pamoja nayo ligi nzima ya SEC, ambayo haikuwahi kukosa mwakilishi hata mwaka mmoja. Wapo wanaoona hapo mkono wa televisheni, lakini mimi nadharia hiyo sina haja nayo: kampuni iliyokuwa ikirusha mchujo ilikuwa pia na mkataba wa kurusha michezo ya ACC.

Nadhani pia kamati ilikuwa na kumbukumbu chungu. Januari ya mwaka huo huo TCU, waliokuwa wameingia kwa rekodi ya michezo 12 ya kushinda na mmoja wa kupoteza, walifika fainali na kufungwa na Georgia 65-7. Hakuna mjumbe aliyetaka kuwa chanzo cha usiku mwingine kama ule. Hofu hiyo inaeleweka. Ni vema tu kukumbuka kwamba TCU hao hao, siku tisa kabla ya aibu ile, walikuwa wameifunga Michigan 51-45 katika nusu fainali ambayo wengi waliwaona kama wasindikizaji.

Sasa twende kwa Florida State. Kocha Mike Norvell alifika mwishoni mwa 2019 na kuikuta timu iliyochoka. Mwaka 2020 alishinda michezo mitatu na kupoteza sita. Mwaka 2021 alishinda mitano na kupoteza saba, na katika hiyo saba umo ule wa Jacksonville State, timu ya daraja la chini, iliyoshinda 20-17 kwa mpira wa mwisho kabisa wa mchezo. Mwaka 2022 mambo yakageuka: ushindi mara kumi. Msimu wa 2023 ulifunguliwa Orlando dhidi ya LSU, na Florida State ikashinda 45-24. Majuma matatu baadaye walikwenda Clemson, kwa timu iliyokuwa imewafunga mara saba mfululizo, wakashinda 31-24 katika muda wa nyongeza. Mchezo huo watu huukumbuka kwa tachidauni ya ushindi aliyoidaka Keon Coleman. Mimi naukumbuka kwa Kalen DeLoach, mchezaji wa ulinzi, aliyeuokota mpira ulioanguka na kukimbia nao yadi 56 hadi mwisho wa uwanja wakati timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi saba. Bila yeye muda wa nyongeza usingekuwapo. Mapema kabisa, Septemba, Travis akiwa mzima, timu hii ilishaonyesha kwamba inaweza kuokolewa na watu wasiogusa mpira wa kushambulia.

Kwa LSU inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa ndiye mpinzani aliyekutana na Florida State na Alabama pia, na mwongozo wa kamati unataka matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja yapimwe. Florida State ilimshinda kwa tofauti ya pointi 21 katika uwanja usio wa yeyote kati yao. Alabama ilimshinda 42-28, tofauti ya pointi 14, ikiwa nyumbani, na katika robo ya nne ya mchezo huo kwotabeki wa LSU, Jayden Daniels, ambaye ndiye baadaye alitwaa Heisman, alitoka kwa kuumia. Sikusikia mtu akisema ushindi wa Alabama upunguzwe thamani. Na wala haukupaswa kupunguzwa, maana waliokuwa uwanjani walicheza na kushinda. Kanuni hiyo hiyo ndiyo watu wa Florida State walioiomba kwa ajili yao wenyewe.

Ipo pia hoja kwamba ACC ni ligi dhaifu, na kwamba 13 kwa 13 katika ligi dhaifu si sawa na 12 kwa 13 katika SEC. Hii ndiyo hoja inayorudiwa zaidi na kuchunguzwa kidogo zaidi. Katika msimu ule, kabla ya michezo ya mwisho wa mwaka, timu za ACC zilikutana na timu za SEC mara kumi. ACC ilishinda sita. Florida State ilizifunga LSU na Florida; Miami iliifunga Texas A&M; North Carolina na Clemson kila moja iliifunga South Carolina; Wake Forest iliifunga Vanderbilt. SEC ilipata nne: Georgia na Ole Miss dhidi ya Georgia Tech, Tennessee dhidi ya Virginia, na Kentucky dhidi ya Louisville. Mpinzani makini ataniambia kwamba Vanderbilt si kipimo, kwamba Florida na South Carolina zote zilimaliza na ushindi mara tano tu, na kwamba Louisville iliyofungwa na Kentucky ndiyo iliyokuja kuwa mpinzani wa fainali ya ACC. Kweli yote. Ondoa basi Vanderbilt, ondoa South Carolina mara zote mbili, na bado hutapata katika hesabu hiyo ushahidi wa SEC kuwa daraja tofauti. Utapata ligi mbili zilizogawana ushindi, moja ikiwa na vigogo wawili wakubwa kuliko yeyote wa upande wa pili. Sifa ya vigogo wawili iligawiwa ligi nzima kama zawadi ya harusi, na hata siku timu yao moja, Alabama, ilipohangaika kuifunga South Florida 17-3 huku ikiwa imemkalisha kwotabeki wake benchi na kujaribu wengine wawili, ilihesabiwa kuwa timu inayojitafuta. Florida State iliyojitafuta Charlotte na kushinda ilihesabiwa kuwa timu iliyokwisha.

Kwangu, jambo zito kuliko yote ni mfuatano wa tarehe. Travis aliumia tarehe 18 Novemba. Kamati ilikutana na kutoa orodha yake tarehe 21, na Florida State ikashushwa nafasi moja, hadi ya tano. Uamuzi huo haukunisumbua. Kama jeraha linahesabika, limehesabiwa. Tarehe 25 Rodemaker alishinda Gainesville, na siku hiyo hiyo Ohio State ikafungwa na Michigan. Tarehe 28 kamati ikatoa orodha nyingine: Georgia, Michigan, Washington, na ya nne Florida State. Texas ilikuwa ya saba na Alabama ya nane. Yaani siku kumi baada ya Travis kuumia, watu wale wale 13, wakiwa na mwongozo ule ule mkononi, walikaa na kuamua kwamba Florida State isiyo na Travis inazidi Alabama kwa nafasi nne. Kisha Florida State ikashinda tena, ikatwaa kombe, na ikashuka.

Mtetezi wa kamati atajibu kwamba kati ya tarehe hizo mbili Alabama iliifunga Georgia, na tena kamati ilipata kuona kwa macho yake jinsi ushambuliaji wa Florida State ulivyokuwa umekauka. Ushindi wa Alabama unaeleza kwa nini Alabama ilipanda. Hauelezi kwa nini jeraha lililokwisha kuhesabiwa tarehe 21 na tarehe 28 lilihesabiwa tena tarehe 3 Desemba, safari hii kwa bei kubwa zaidi. Kilichobaki cha kueleza ni ule mchezo wa 16-6, na kama ndio uliobeba hukumu, basi tuusome vizuri.

Glenn alitupa mipira 21, minane ikafika, kwa jumla ya yadi 55. Hizo ni takwimu mbovu na sitazipaka rangi. Lakini mchezo hauna upande mmoja. Louisville, waliofika hapo wakiwa wameshinda michezo kumi, walipata yadi 188 kwa usiku mzima na hawakufika mwisho wa uwanja hata mara moja; pointi zao zote sita zilitokana na mikwaju. Lawrance Toafili alikimbia yadi 118. Norvell aliona ana kijana asiye na uzoefu, akafunga mchezo kwa makusudi, akawaachia walinzi wake kazi, nao wakaifanya. Katika soka tungeuita ushindi wa bao moja wa ugenini, ule ambao mashabiki hawauimbi lakini kocha anaupenda. Rodemaker, mwenye uzoefu zaidi, alitarajiwa kuwa amepona kabla ya Januari. Kwa hiyo kamati ilitoa hukumu juu ya mechi ya mwezi ujao kwa kumtazama mchezaji ambaye huenda asingeicheza.

Pande zote mbili hupenda kuutaja mwaka 2014, na zote zina haki. Ohio State mwaka ule ilimpoteza Braxton Miller kabla ya msimu na J.T. Barrett mwishoni mwake, ikaingia fainali ya ligi yake, Big Ten, na Cardale Jones, kwotabeki wa tatu, na kuichakaza Wisconsin 59-0. Kamati iliipandisha hadi ya nne, ikaishusha TCU kutoka ya tatu hadi ya sita ingawa siku hiyo TCU ilishinda 55-3, na Ohio State ikaenda kuzifunga Alabama na Oregon na kuwa bingwa. Mtetezi wa kamati atasema: mnaona, kwotabeki wa tatu si kizuizi, mradi aonyeshe kitu. Mimi nasoma somo jingine humo. Ohio State ile ilikuwa imefungwa mchezo mmoja, nyumbani, na bado ikapewa nafasi ya kumjaribu Jones mbele ya walio bora. Florida State haikuwa imefungwa na yeyote. Tofauti kati ya wawili hao ilikuwa ukubwa wa ushindi, na kama ukubwa wa ushindi ndio sarafu, basi vyuo viambiwe mapema kwamba kushinda kwa pointi kumi katika fainali ya ligi hakutoshi.

Hapo ndipo neno "bora" linapoleta shida. Mwongozo ulisema timu bora, na watu wengi walisikia timu inayostahili, na kwa miaka tisa hakukuwa na haja ya kuyatenganisha kwa ukali huu. Mashabiki wa soka tunajua kwamba timu iliyofuzu Ligi ya Mabingwa Afrika haiitwi ofisini kurudisha nafasi yake eti mshambuliaji amevunjika mguu. Nakiri kwamba mfano huo hauingii sawasawa katika mchezo wa timu 133, nilivyosema hapo juu. Nakiri pia kwamba kama ningelazimishwa kuweka dau tarehe 4 Desemba, ningeiwekea Alabama. Lakini kuweka dau na kutoa haki ni kazi mbili. Travis mwenyewe aliandika baada ya tangazo kwamba alitamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi katika msimu, ili watu wapate kuona kwamba timu ilikuwa zaidi ya kwotabeki wake. Ni maneno mazito kutoka kwa kijana aliyekuwa bado na mguu wake kwenye plasta, na yanagusa kasoro yenyewe: chini ya mantiki ya kamati, kuumia Septemba kungeisaidia timu kuliko kuumia Novemba.

Sasa ile 63-3. Tarehe 30 Desemba, katika Orange Bowl, mmoja wa michezo maalumu ya mwisho wa msimu iitwayo bowl, Georgia iliifunga Florida State kwa tofauti ya pointi 60, kubwa kuliko zote katika historia ya michezo ya namna hiyo, na tangu hapo matokeo hayo hutupwa mezani kama karata ya mwisho: mnaona, kamati ilikuwa sahihi. Waliolalamika wakaambiwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Usemi ni mzuri, ila hawa hadi siku ya malalamiko walikuwa hawajashindwa. Na timu iliyocheza Miami haikuwa iliyocheza Charlotte. Coleman na Johnny Wilson, wadakaji wakuu; Trey Benson, mkimbiaji aliyefunga tachidauni tatu kule Gainesville; Jared Verse, nguzo ya ulinzi, wote hawakucheza, wakijihifadhi kwa ajili ya ligi ya kulipwa. Rodemaker alikuwa amekwisha kutangaza kuhama chuo. Glenn akaanza tena. Je, wangejiondoa kama mchezo ungekuwa nusu fainali ya taifa? Georgia, iliyokuwa pia imeachwa nje, ilikuja na sehemu kubwa ya kikosi chake, na hilo linastahili sifa. Hata kocha wake, Kirby Smart, baada ya ushindi hakujigamba, alisema hali ya namna hiyo inahitaji kurekebishwa. Uamuzi wa tarehe 3 Desemba uliivunja timu, kisha vipande vyake vikatumika kama ushahidi wa uamuzi. Sijui mahakama gani ingeupokea.

Mengine yaliyofuata nayapitia kwa haraka. Gavana wa Florida alitenga dola milioni moja katika pendekezo la bajeti kwa ajili ya kesi, jambo lililokuwa na siasa nyingi kuliko michezo. Tarehe 22 Desemba chuo kilishtaki ligi yake yenyewe, ACC, kikitaka njia ya kutoka katika mkataba wa haki za matangazo unaokwenda hadi 2036. Mgogoro huo ulikuwa ukichemka tangu majira ya joto na ulimalizwa kwa suluhu Machi 2025, lakini ni kweli kwamba kuachwa nje kuliupa moto. Msimu wa 2024 timu ilishinda michezo miwili na kupoteza kumi. Wapo wanaoitumia hata hiyo kuthibitisha kwamba ya 2023 ilikuwa feki, kana kwamba kikosi kilichokwenda Dublin kufungwa na Georgia Tech Agosti 2024 ndicho kilichosimama Clemson.

Mwaka huo huo wa 2024 mchujo ulipanuliwa hadi timu 12, huku mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu zaidi wakihakikishiwa nafasi, na timu zilizopangwa ya tano hadi ya nane zikicheza raundi ya kwanza nyumbani kwao. Kwa kanuni hiyo, ya tano ya 2023 ingepokea mgeni Tallahassee katikati ya Desemba, katika uwanja wa Doak Campbell, na swali la Rodemaker au Glenn lingejibiwa pale. Badala yake, mchezo wa mwisho uliochezwa uwanjani hapo msimu ule ulikuwa ule wa North Alabama, ambao Travis alitolewa akiwa juu ya kigari cha majeruhi na wenzake wakabaki kuumaliza, 58-13.